Lava ya Lengai haitokani na magadi ya Natron, mmegeuza kichwa chini miguu juu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua mnapenda barua fupi na hii haitakuwa fupi, mkitaka kupunguza punguzeni salamu lakini kwenye namba msiguse maana hapo ndo penyewe. Nimesoma makala yenu ya Jumapili kuhusu Ol Doinyo Lengai, ile volkano ya kaskazini, na kwanza niwape hongera, maana magazeti yetu ya hapa Dar ukisikia mlima basi ni Kilimanjaro na idadi ya watalii, halafu ukurasa unaofuata Simba na Yanga. Ila kuna aya moja pale katikati nimeisoma, nikairudia, nikamsomea na mama watoto, nikaona hapana, hii siwezi kuiacha ipite. Mmeandika kwamba lava ya Lengai imejaa magadi kwa sababu mlima uko jirani na Ziwa Natron, eti magadi ya ziwani pamoja na chokaa ya bahari ya zamani vilizama chini ya ardhi, vikapata moto, vikayeyuka, vikatapikwa juu. Jamani. Ni kinyume chake kabisa. Magadi ndo yanatoka milimani kwenda ziwani, mlima haukopi kitu kwenye ziwa.

Mimi sio profesa, niseme mapema ili mtu asije akaniuliza PhD yangu iko wapi. Nimefanya kazi maabara ya mawe mpaka nikastaafu, mimi ndo nilikuwa yule anayeponda, anayesaga, anayechekecha, anayepima kwenye mizani na kuosha vyombo, wasomi wanakuja kuchukua karatasi ya majibu wanaenda kuandika. Lakini ukikaa na mawe muda mrefu na ukiwa na masikio unajifunza, na wale wasomi wengi wao walikuwa waungwana, ukiuliza wanakueleza mpaka uelewe.

Na nisiwaonee nyie waandishi, hilo wazo mliloandika lina wenyewe tena walikuwa wasomi wakubwa. Kwa miaka mingi karne iliyopita kulikuwa na ubishi mkali, mtu akikuta mwamba wa chokaa umekaa katikati ya volkano wengine walikuwa wanasema hii haiwezi kuwa imetoka chini kwenye moto, hii ni chokaa ya kawaida iliyounguzwa na magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, ikipita. Mwaka 1962 mwanajiolojia Mwingereza, J. B. Dawson, akatangaza kwamba kule Lengai kuna lava ya kabonati ya sodiamu, kitu kile kile kilichomo kwenye magadi, yaani lava ambayo karibu haina silika (kitu cha mchanga mweupe) kabisa, watu wakakuna vichwa, na miaka ya 60 hiyo hiyo wakatokea waliosema basi hayo ni magadi ya ziwani yaliyoyeyuka tena. Kwa hiyo aya yenu ingechapishwa mwaka 1965 ningenyamaza. Shida ni kwamba majibu yameshapatikana zamani, tena kwa kupima jiwe lenyewe.

Nianze na jiwe. Lava ya kawaida, ile ya basalti ambayo mnaiona kwenye video za Hawaii, inatoka na joto la nyuzi 1,100 na zaidi, inang'aa nyekundu, na ukiipima silika ni karibu nusu ya uzito wake wote. Graniti ya miamba ya Mwanza silika inafika asilimia 70 na kupita. Sasa lava ya Lengai silika haifiki asilimia 1. Badala yake soda, yaani ile sodiamu, peke yake inapita asilimia 30, kalsiamu kama 15 hivi, potasiamu 7 au 8, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni kabonidayoksaidi iliyofungwa humo humo ndani ya jiwe. Inatoka na nyuzi 500 hadi 600, mchana haiwaki ni nyeusi tu, usiku ndo unaona wekundu kwa mbali, na ni nyepesi kutiririka kushinda lava zote zinazojulikana. Nyie mkaandika "lava baridi". Nyuzi 500 sio baridi ndugu zangu, mtoto wa shule akisoma hivyo akaenda kule na darasa lake akataka kugusa mtajibu nini?

Hilo jiwe lina tabia moja ambayo sijaiona kwenye jiwe lingine. Likiletwa bichi, yaani limeganda karibuni, ni jeusi linavutia, ukilivunja unaona vibapa vidogo vinametameta, na lazima likae kwenye chupa yenye mfuniko unaobana kweli kweli. Likiachwa juu ya meza, Dar hii yenye unyevu, hazipiti siku nyingi linaanza kuota unga mweupe, linakuwa la kijivu, baadaye linabomoka kwa vidole. Ndo maana kilele cha Lengai ni cheupe! Chini ya ile picha yenu mmeandika "theluji ikionekana kileleni", hakuna theluji pale, mlima una mita 2,900 na ushee tu, ule weupe ni lava nyeusi iliyokula unyevu wa hewa na mvua. Hata ukitaka kulichonga ulitazame kwenye darubini (tunachonga jiwe mpaka unene wa milimita 0.03 mwanga upite) huwezi kutumia maji kwenye msumeno kama mawe mengine, maji yanalila, inabidi utumie mafuta. Vijana wapya wa maabara lazima uwakumbushe hilo, ukigeuka tu mtu ameshafungulia maji sampuli imeharibika, na sampuli yenyewe mtu kaipandia mlima usiku kucha kuileta.

Na ndani ya jiwe hilo kuna madini mawili makuu, moja linaitwa nyerereaiti, kwa heshima ya Mwalimu, lingine gregoriaiti, kwa jina la J. W. Gregory aliyelitembelea na kuliandika Bonde la Ufa. Nawaambia watu hili kwenye daladala hawaamini. Barabara ya Nyerere wanaijua, uwanja wa ndege wanaujua, jiwe la Nyerere hakuna aliyewaambia.

Haya, tunajuaje halikutoka ziwani wala baharini? Hapa ndo nataka msikate.

Kuna kitu kinaitwa strontiamu, inajificha mahali penye kalsiamu, kwa hiyo chokaa yoyote inayo na lava ya Lengai inayo tena kwa wingi wa kutisha, karibu asilimia 1 nzima au kupita. Strontiamu ina aina kadhaa ambazo kikemia ni ndugu ila zinapishana uzito, wataalamu wanaziita aisotopu. Aina moja, ya 87, inaongezeka polepole kwa sababu rubidiamu inaoza na kugeuka kuwa hiyo, nyingine ya 86 inabaki vile vile miaka nenda rudi. Sasa miamba ya juu juu ya gamba la dunia ina rubidiamu nyingi, ikikaa mamilioni ya miaka ule uwiano wa 87 kwa 86 unapanda. Kule chini kabisa kwenye mantili, tabaka lililo chini ya gamba, rubidiamu ni chache kwa hiyo uwiano unabaki chini. Maji ya bahari ya leo yana 0.709. Lava ya Lengai ina 0.704 na ushee. Mtaona kama ni tofauti ya kuchekesha, tano tu kwenye nafasi ya tatu baada ya nukta, lakini kwa mashine za kupima aisotopu hiyo ni tofauti ya mchana na usiku, haiwezi kuwa makosa ya kipimo. Kama lava ingekuwa chokaa ya bahari iliyoyeyuka ingebeba namba ya bahari, kuyeyuka hakubadilishi uwiano huo. Imebeba namba ya mantili.

Kaboni nayo inasema vile vile. Wataalamu wanapima kaboni nyepesi na nzito kwa kipimo ambacho chokaa ya bahari inasoma karibu na sifuri. Lava bichi ya Lengai inasoma hasi 6 hadi hasi 7. Almasi nyingi zinazotoka mantili zinasoma maeneo hayo hayo. Na mwaka 2009 yakachapishwa majibu ya gesi zilizokusanywa kwenye kreta yenyewe, lile shimo la kileleni, kabonidayoksaidi, naitrojeni, hiliamu, ikaonekana zinafanana na gesi zinazotoka kwenye matuta ya katikati ya bahari kuu ambako mantili inayeyuka bila ziwa wala magadi ya mtu yeyote. Shahidi mmoja unaweza kumbishia, wakifika watatu hawajakaa kikao halafu wanasema kitu kimoja inabidi ukubali.

Mnaweza kulifanya jaribio hili nyumbani kidogo, au tuseme nusu yake. Mchukue kipande cha jiwe la Wazo pale Tegeta, chokaa ya matumbawe wanayotengenezea saruji, halafu mwombe mtu wa Mbeya awaletee kipande cha kilima cha Panda, ambacho nacho ni mwamba wa kabonati uliotoka chini kwenye moto, una zaidi ya miaka milioni 100. Yadondoshee yote mawili asidi kidogo, yote yatatoa povu, kwa macho hata mimi ningesitasita. Ukisaga yakawa unga kama wa sembe ukayaweka kwenye mashine ya eksirei ndo yanaachana. La Panda linakuja na niobiamu, bariamu na yale madini adimu ambayo sasa hivi dunia inayapigania kwa ajili ya sumaku za magari ya umeme, la Wazo hayo yote ni chembe tu. Ngualla kule Songwe ni hadithi hiyo hiyo, mwamba wa kabonati wenye neodimiamu na praseodimiamu, nazo ni kati ya hayo madini adimu. Kwa hiyo mkisema kabonati yoyote ni chokaa ya bahari mnakuwa mmeifuta sababu yenyewe ya watu kuchimba kule.

Sasa swali lenye haki ni hili, kama haikutoka ziwani basi kitu cha ajabu hivi kimetengenezwaje. Bado wanabishana kwenye vipengele ila picha kubwa iko hivi. Chini ya Bonde la Ufa mantili ina joto zaidi ya kawaida na gamba linavutwa mashariki na magharibi, kwa hiyo mwamba wa chini unaanza kuyeyuka, lakini unayeyuka kidogo sana, asilimia chache tu ya mwamba wote. Ukiyeyusha kidogo vitu vinavyotangulia kutoka ni vile visivyopenda kukaa kwenye fuwele, yaani soda, potasiamu, kabonidayoksaidi, floraidi, strontiamu, bariamu. Hiyo magma ya kwanza inaitwa nefelinaiti, ina silika kiasi na ina alikali, yaani soda na potasiamu, nyingi mno. Inapanda, inapoa njiani, inaangusha fuwele, soda inazidi kujikusanya, mpaka inafika mahali haiwezi tena kubaki kitu kimoja, inajitenga, kama tui la nazi linavyokatika jikoni mafuta yakaenda huku na maji kule. Upande mmoja magma ya silika, upande mwingine magma ya kabonati tupu. Watu wamelifanya maabara, wakaweka unga wa nefelinaiti kwenye kapsuli ndogo wakaupa joto na mgandamizo wa kabonidayoksaidi, wakakuta vimiminika viwili vimeachana. Na mlima wenyewe sehemu kubwa ni nefelinaiti na fonolaiti (lava nyingine ya alikali), ile lava nyeusi ya kabonati iliyotupa sifa duniani ni koti jembamba tu la juu.

Na mwaka 2007 mlima ulionyesha hadharani. Julai tetemeko likaanza upande wa Gelai, mlima jirani, kubwa lake lilikuwa 5.9 likasikika mpaka Nairobi, magma ilikuwa inapasua njia chini kwa chini, na Septemba Lengai ikalipuka kweli, majivu yakapanda juu angani, ikaendelea mpaka 2008, mifugo ya watu ikapata shida, wakazi wakahama. Majivu yale yalipopimwa hayakuwa kabonati tupu, yalikuwa mchanganyiko wa kabonati na magma ya silika iliyopanda kutoka chini ikaikuta ile kabonati, zikagombana, kabonidayoksaidi ikafumuka kwa nguvu. Kwa hiyo anayewaambia Lengai ni mlima mpole wa lava nyepesi mwambieni aulize wazee wa Engare Sero, kijiji cha pale chini ya mlima.

Nimeona pia mmeandika kwamba Kilimanjaro, Meru, Lengai na Rungwe "zinachota tungi moja". Hili nalipita haraka ila nalo silikubali. Kilimanjaro ni mabasanaiti (jamii ya basalti) mpaka fonolaiti, zile lava za Kibo zina fuwele kubwa za feldispa zenye umbo la almasi ya karata unaziona kwa macho, kabonati ya soda hakuna. Meru ulilipuka mara ya mwisho 1910 na ubavu wake wa mashariki ulishabomoka zamani ukashuka wote bondeni. Rungwe iko mamia ya kilomita kusini, kwenye tawi lingine kabisa, ina pumisi zake, yale mawe mepesi yenye matundu, za miaka kama 4,000 iliyopita. Kinachofanya ziachane hivyo ni lile bamba kuukuu la katikati ya nchi, kuanzia Dodoma mpaka Mwanza na Mara, graniti za miaka bilioni 2.6 na zaidi pamoja na yale mawe ya kijani yenye dhahabu ya Geita. Bamba hilo ni nene, gumu, ufa ulipofika ukashindwa kulipasua ukagawanyika, tawi moja mashariki lingine magharibi. Volkano zikaota pembeni. Katikati ya bamba zilizofanikiwa kupenya ni za kimbalaiti, zinatoka kina cha kilomita 150 na zaidi zikibeba almasi njiani, ndo Mwadui hiyo, aliyoigundua Williamson 1940. Na kuna vilima vya Igwisi, mkoa wa Tabora, ambavyo kila nikivitaja watu wananiona naongopa, hivyo ni kimbalaiti changa kuliko zote zinazojulikana duniani, kama miaka 12,000 tu, wakati nyingine nyingi ni za mamilioni kwa mamilioni. Hakuna mabango, hakuna watalii, hakuna hata makala yenu moja. Mtu akinipa nauli mimi nakwenda kesho.

Dar yenyewe hatuna jiwe la volkano chini ya miguu, tumekalia mchanga, udongo na matumbawe, kokoto tunazojengea za Lugoba ni miamba iliyopikwa na kukandamizwa upya chini sana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Labda ndo maana tunaona mambo haya ni ya watu wa kaskazini. Lakini nendeni Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert mkaulizie lile fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, la Oldupai, lililopatikana 1959. Ule umri wa miaka milioni 1.75 haukusomwa kwenye mfupa, ulisomwa 1961 kwenye majivu ya volkano yaliyolala sehemu moja nalo, kwa kupima potasiamu iliyogeuka kuwa agoni, gesi ile. Bila kemia ya mawe ya moto lile fuvu lingekuwa fuvu tu la zamani, hamna anayejua zamani ya lini.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu hasa, maana kugeuza mlima na ziwa kungekuwa kosa la kawaida nisingejisumbua. Mkisema magadi ni ya ziwa, msomaji anabaki na picha kwamba tatizo la soda na floraidi (ile inayoharibu meno na mifupa ikizidi kwenye maji) liko ziwani, mbali, ukiepuka ziwa umepona. Wakati mtiririko wenyewe unaanzia kwenye mawe. Ile magma ya alikali inabeba floraidi nyingi, kwenye lava ya kabonati ya Lengai inafika asilimia 2 na kitu, na nefelinaiti na fonolaiti na majivu yaliyotapakaa kutoka Ngorongoro mpaka Meru nayo yanayo. Mvua inanyesha, inaosha majivu, inazama ardhini, inakaa na mawe hayo muda mrefu. Mahali pengine floraidi ikiingia kwenye maji inakutana na kalsiamu, vinashikana, vinatulia chini kama jiwe, maji yanabaki salama kidogo. Kule kaskazini maji yana soda tele na kalsiamu kiduchu, kwa hiyo floraidi inakosa wa kumshika, inaendelea kuogelea humo mpaka kwenye ndoo ya mama. Ziwa Natron, Momella na mengine yasiyo na mlango wa kutokea ndo mwisho wa safari, jua linakausha maji, soda inabaki juu kama ukoko mweupe.

Kiwango cha juu cha floraidi kwenye maji ya kunywa cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Sisi miaka ya 70 tuliweka kiwango cha muda cha miligramu 8, kwa sababu ukisema 1.5 visima vingi vya kule ungevifunga na watu hawana maji mengine. Siwalaumu waliofanya hivyo, ilikuwa ni kuchagua kati ya kiu na meno. Lakini matokeo tunayaona, meno ya kahawia, na palipozidi mifupa inapinda mtoto anashindwa kutembea vizuri. Halafu hapa mjini mtu wa Arusha akicheka kwenye daladala watu wananong'onezana eti hapigi mswaki. Nimewahi kumfokea konda mmoja kwa hilo. Yule dada anapiga mswaki kukushinda wewe, meno yake yaliumbwa na maji aliyokunywa akiwa mtoto, na maji yaliumbwa na jiwe. Kituo cha Ngurdoto wamehangaika miaka na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unachujia maji floraidi inanasa humo, kazi nzuri ambayo sijaona mkiiandika.

Na msidhani Dar tumepona. Magadi yanauzwa Kariakoo, Buguruni, Tandika, kila soko, yale mabonge ya kijivu na meupe, tunatia kwenye maharage yaive haraka, kwenye makande, kwenye kisamvu, mimi mwenyewe nyumbani yapo kwenye kopo. Magadi mengine yanayokwanguliwa juu ya ardhi au kando ya maziwa yanakuja na floraidi nyingi sana, mengine yana kidogo, inategemea yametoka wapi na yaliganda vipi. Ukiyaangalia kwa macho hayana tofauti. Muuzaji naye hajui, yeye kanunua gunia kwa mtu aliyenunua kwa mtu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, ndugu Mhariri. Kwanza rekebisheni ile aya, mistari mitatu inatosha, msiifiche ukurasa wa matangazo ya vifo. Pili, mtumeni mwandishi wenu aliyeandika makala ile, nimeona anaandika vizuri sina ugomvi naye, aende sokoni achukue magadi kwa wauzaji tofauti, robo robo tu, kila moja aandike limetoka wapi kwa kadiri muuzaji anavyojua, apeleke kwa Mkemia Mkuu wa Serikali yapimwe floraidi, halafu mchapishe jedwali lote kama lilivyo hata kama halisisimui. Akitaka wa kumweleza maana ya namba, Mlimani pale Chuo Kikuu wapo wanajiolojia, na Dodoma iko taasisi ya jiolojia, wala asione aibu kuuliza swali la kitoto. Akitaka mtu wa kumsagia sampuli bure mimi nipo, kinu changu cha mkono bado ninacho, ila aje asubuhi kabla jua halijawa kali na mifuko aifunge vizuri, haya mawe yanakula hewa.

Mstaafu wa maabara,
Kimara, Dar es Salaam